Mbunifu wa grafiki anayependa kadi za mkono: nizichanganye vipi kazi hizi mbili?

Mbunifu wa Ntinda anauliza:

Habari zenu, ndugu. Nimeajiriwa kama mbunifu wa grafiki katika kampuni ya matangazo hapa Kampala, na siku nzima nashughulika na nembo, mabango na vipeperushi vinavyoanzia na kuishia kwenye kompyuta. Jioni hutengeneza kadi kwa mkono: nakata lubugo (kitambaa cha gome la mti), naishona kwa uzi juu ya karatasi nzito, kisha naandika jina la mpokeaji kwa kalamu ya wino. Naipenda kazi hii kwa dhati, wala si ya kupitisha muda tu. Sasa kuna familia iliyoziona kadi zangu na inataka 100 za mwaliko wa kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa familia ya bibi harusi. Je, niendelee kuzitenga kazi hizi mbili, au kuna namna ya kuzifanya zisaidiane bila kadi kupoteza kile kinachowafanya watu wazipende?

Fundi wa Nasser Road:

Dada, hongera kwa kazi. Mimi ni mchapaji hapa Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala. Anza na hesabu ya muda kabla hujaipa familia hiyo jibu. Kadi moja ikichukua dakika 40, kadi 100 zitachukua zaidi ya saa 66, na saa hizo huwezi kuzipata katika jioni chache baada ya kazi ya kuajiriwa. Kwa hiyo gawa kazi. Maneno ya ndani, yaani tarehe, mahali na majina ya familia, yapange kwenye kompyuta na uyachapishe. Mkono wako uubakize kwa uso wa kadi, mahali ambapo mgeni ataugusa na kuutambua.

Kwa idadi hiyo omba uchapaji wa kidijitali, kwa sababu ofseti, yaani uchapaji wa mashine kubwa, inahitaji mabamba ya kuchapia yanayotengenezwa kwa kila kazi, na gharama yake hupungua makali pale tu nakala zinapokuwa nyingi. Na kama karatasi yako nzito ni ile ya nyuzi za mgomba, tafadhali usituletee tuipitishe kwenye mashine. Unene wake haulingani, vinyuzi vyake hung'oka, na mara nyingi hukwama katikati. Chapisha kwenye karatasi laini na nyembamba, uikunje, uiweke ndani ya kadi, kisha uishone kwenye mkunjo. Mpokeaji atauona uzi huo kama sehemu ya urembo, nao ndio utakaoshika kadi nzima.

Jambo jingine ni mkunjo wenyewe. Karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba ikikunjwa kinyume na mwelekeo wa nyuzi zake hupasuka mgongoni, hasa ikiwa na rangi nzito. Pinda karatasi taratibu kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuikunja. Upande unaopindika kwa urahisi zaidi ndio unaofuata nyuzi. Weka alama ya mkunjo kwa rula na ncha butu kabla ya kukunja. Kadi ya A6, yenye milimita 105 kwa 148, huingia vizuri katika bahasha ya C6, yenye milimita 114 kwa 162, lakini lubugo na uzi huongeza unene, kwa hiyo jaribu kadi moja iliyokamilika kabla hujanunua bahasha zote.

Mwalimu wa sanaa, Masaka:

Nakubaliana na fundi kuhusu mgawanyo wa kazi, ila nisingependa kompyuta ibaki kuwa chombo cha kupanga maneno tu. Ubunifu wako wa mchana umekufundisha nafasi tupu, uwiano na uzito wa herufi, na hayo ndiyo yanayokosekana katika kadi nyingi za mkono, ambazo hujazwa shanga, riboni na vitenge mpaka jicho halijui litulie wapi. Kadi nazo zinakurudishia kitu, kwa sababu mbunifu aliyezoea kukata na kushona huchora akijua nyenzo itakubali nini.

Kuhusu lubugo, naomba uitendee kwa heshima inayostahili. Ufundi huu wa Buganda, ambao mafundi wake ni wa ukoo wa Ngonge, ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Gome la mti wa mutuba hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, na ukiinamisha kitambaa kwenye mwanga wa dirisha utaiona mistari hiyo. Utaona pia matundu yaliyozibwa kwa viraka vya kushonwa. Wengi huvikata na kuvitupa. Mimi ningeweka kiraka kimoja usoni pa kadi, pembeni kidogo, na kuacha sehemu iliyobaki wazi kabisa.

Mfanyakazi huru, Jinja:

Usiache ajira kwa sababu ya oda moja, dada. Soma kwanza mkataba wako. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mwajiri haki ya kazi iliyoundwa katika ajira, isipokuwa pale mkataba unaposema vinginevyo. Kwa hiyo michoro ya kadi ifanye kwa muda wako, kwenye kompyuta yako, na kwa fonti ulizozilipia mwenyewe. Bei nayo ihesabu saa zako, kwani ukishindana na bei za Nasser Road utachoka na utaichukia kazi uliyoipenda.

Mbunifu wa Ntinda:

Asanteni sana. Nitaiomba familia ikubali kadi 40 za mkono kwa wazee na wageni wa heshima, na zilizobaki ziwe za kuchapwa kwa mchoro uleule. Swali moja limebaki: pale ninapobandika badala ya kushona, gundi hupenya lubugo na kuacha doa. Nifanyeje?

Fundi wa Nasser Road:

Gundi yako ina maji mengi. Tumia ile nzito, uipake kwenye karatasi wala si kwenye lubugo, tena kwa tabaka jembamba, isubiri ianze kunata, ndipo ulaze kitambaa na kukigandamiza chini ya vitabu mpaka kesho yake. Kata kitambaa kikiwa kikubwa kidogo kuliko kadi, na ukingo uusawazishe kwa kisu kikali baada ya gundi kukauka.