Tupeane uzoefu: ulifuatiliaje ligi wakati wa Vita ya Kagera, 1978/79?

Wakuu, shikamooni mliotutangulia.

Rekodi zinaonyesha Simba alibeba ubingwa wa Taifa 1978, akautetea 1979. Katikati ya mistari hiyo miwili kuna vita: Idi Amin kavamia Ziwa Magharibi (Kagera ya leo) Oktoba 1978, Mwalimu kalitangazia taifa vita mwezi uliofuata, Kampala imeanguka 11 Aprili 1979. Waliokosekana uwanjani hawaandikwi popote. Mliokuwepo, tusimulieni. Naanza na ya nyumbani.

Kaka yangu alikuwa beki wa kushoto wa timu ya tarafa, Tabora. Alikuwa mgambo, wito ulipokuja akaondoka na wenzake watano wa kikosi kilekile. Njumu zake alizitundika msumarini nyuma ya mlango, akamwomba mama azipake mafuta ngozi isikauke. Mama alizipaka kila Jumamosi jioni. Timu ikajaziwa watoto wa darasa la saba, mimi nikiwemo. Jezi yake namba 3 ilinifika magotini.

Mdau wa Mwanza
Huku usiku taa zilizimwa. Redio tulisikilizia chini ya meza, sauti ndogo, betri tumezianika juani mchana kutwa ili zisogeze hadi dakika ya tisini. Machi 1979 ndege ya Libya ilikuja kupiga bohari ya mafuta, ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, hifadhi ya wanyama, na kuwaua. Baada ya siku ile mama hakuniruhusu kwenda mazoezini tena. Nililia, lakini sasa namwelewa.

Mdau wa Kyaka
Sisi ligi hatukuwa nayo, ndugu zangu. Tulikimbia na vitanda kichwani. Nakumbuka mpira wa matambara kambini. Kila timu ilitaka kuitwa Simba au Yanga, hakuna aliyekubali jina la timu yake ya kijijini. Sijui kwa nini. Pengine kulitaja kungeumiza.

Mdau wa Dar
Mzee wangu alikuwa dereva, lori la kazini kwake likachukuliwa kupeleka askari na chakula, naye akaenda nalo. Timu zikakosa usafiri, mechi zikangoja. Mwaka huo wa 1979 Simba akafungwa 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia hapahapa Dar, Klabu Bingwa Afrika. Watu walitoka kimya kama wametoka msibani. Kisha akaenda Lusaka akashinda 5-0, Thuwein Ally akifunga matatu! Mzee alikuwa mbali, nikamwandikia barua nzima ya mabao hayo, moja baada ya jingine. Alirudi nayo mfukoni, imechanika kwenye mikunjo.

Mdau wa Mwanza
Mkuu mwenye uzi, kaka alirudi?

Mwenye uzi
Alirudi 1981, kikosi chao kilibaki Uganda kulinda. Bao la Peter Tino kule Ndola, Agosti 1979, lile la 1-1 la Taifa Stars na Zambia lililotupeleka Kombe la Mataifa ya Afrika 1980 kule Lagos, alilisikia kwenye redio ya kambini, na anasema walikumbatiana hadi wasiofahamiana. Njumu alizikuta laini vilevile. Ila mguu wa kushoto ulikuwa na kipande cha chuma. Alizishusha msumarini, akazigeuza mara mbili, akanikabidhi. Zilinibana vidole. Nikazivaa hivyohivyo misimu miwili.