Chumba cha makoti na stoo ya vitabu katika madarasa mapya ya shule ya msingi

Mjumbe wa kamati ya shule, Njombe
Ndugu wadau, tunajiandaa kujenga madarasa mawili yanayopakana, kila moja mita 7 kwa 9, kwa ajili ya darasa la kwanza na la pili. Huku mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na Juni na Julai baridi huwa kali, kwa hiyo watoto huja na masweta, makoti ya mvua na mabegi, ambavyo kwa sasa hurundikwa sakafuni. Vitabu vimo kwenye maboksi ofisini kwa mwalimu mkuu. Baadhi ya wajumbe wanapendekeza tukate mita 2 za kila darasa ili tupate chumba cha makoti chenye mlango wake. Je, mnashauri hivyo?

Mchora ramani
Ndugu mjumbe, sishauri. Kwa wanafunzi 45, darasa lenu linampa kila mtoto mita za mraba 1.4, mkikata mita 2, zinabaki pungufu ya 1.1, na madawati 15 ya watoto watatu watatu yatasogea hadi chini ya ubao. Isitoshe, makoti yaliyolowa yakifungiwa chumbani hayakauki, bali huota ukungu.

Panueni baraza hadi mita 2, kisha dirisha za upande huo zianzie mita 1.4 kutoka sakafuni, ili ubao wa kulabu upite chini yake kwenye kimo cha mita 1.1. Kulabu 45 zikiachana sentimita 15 zinahitaji mita 6.75, nazo zinaenea hata mkishatoa nafasi ya mlango. Mwanga mwingi utaingia kwa dirisha kubwa za upande wa pili.

Mwalimu wa darasa la pili
Naunga mkono, ila barazani yakae makoti ya mvua tu. Sweta likitundikwa nje, saa ya kutoka huwa na mwenyewe mwingine! Masweta na mabegi yakae ndani, kwenye rafu iliyo chini ya dawati.

Kuhusu vitabu, tumieni ukuta unaotenganisha madarasa, kwa kuwa haupigwi na mvua. Kila upande jengeni kabati lenye kina cha sentimita 40, lenye milango ya kufungwa kwa kufuli na matundu ya hewa, na rafu ya chini iinuliwe sentimita 20 kwa sababu ya mchwa na maji ya kudekia. Ubao wa kuandikia wa kila darasa uwe kwenye ukuta wa mwisho, ili madarasa yapeane mgongo. Makabati yaliyojaa vitabu hupunguza pia sauti ya jirani.

Mjumbe wa kamati ya shule, Njombe
Nashukuru, Mwalimu, na wewe Mchora ramani. Msingi umeshamwagwa lakini kuta hazijaanza kupandishwa, kwa hiyo nitamwomba fundi abadilishe kimo cha dirisha za barazani. Je, mvua ya upepo ikipiga upande huohuo wa baraza, mita 2 zitatosha?

Mchora ramani
Hazitatosha peke yake. Jengeni ukuta mfupi wa mita 1 kwenye ukingo wa baraza, mkiacha nafasi za kupitia mbele ya milango na matundu ya kutolea maji chini.