Vifaranga wakilelewa bila vijidudu kabisa, kinga yao inakuaje?

MamaVifaranga_Ngaramtoni
Habari zenu wafugaji. Nina vifaranga 300 wa nyama hapa Ngaramtoni, Arusha. Awamu iliyopita walihara wakafa wengi, nikaapa safari hii hakuna kijidudu kitakachoingia bandani. Maranda napulizia dawa kila siku, maji ya kunywa natia klorini. Sasa binti yangu wa kidato cha tano ananiambia mnyama akikosa vijidudu kabisa, hata viungo vyake vya kinga havikui vizuri. Ni kweli jamani? Mimi nilijua mtu anazaliwa na kinga yake.

FundiMaabara_Moshi
Mama, mwanao yuko sahihi. Nimepasua mizoga ya kuku maabara miaka 22, na jambo hili nimelishika kwa mikono. Mpasue kifaranga wa wiki tatu, tazama kati ya njia ya kinyesi na uti wa mgongo: utakuta kifuko kama zabibu, cheupe cha maziwa. Ndani kina mikunjo iliyolaliana kama kurasa za daftari. Hiyo ni bursa ya Fabricius, na humo ndimo zinamokomaa seli za kutengeneza kingamwili, yaani protini za kupambana na vijidudu. Bruce Glick na wenzake walilionyesha hilo Marekani mwaka 1956: kuku walioondolewa bursa wangali wadogo walishindwa kutoa kingamwili ipasavyo.

Sasa, kifuko hicho kina kijimlango kinachofungukia kwenye njia ya kinyesi, na kifaranga huvuta ndani vitone vyenye vijidudu. Watafiti walipokiziba kijimlango hicho kabla kifaranga hajaanguliwa, bursa ilidumaa baadaye.

Panya wa maabara ndio waliochunguzwa zaidi. Wapo wanaofugwa ndani ya vizimba vilivyozibwa, hewa imechujwa, chakula kimeuliwa vijidudu vyote. Wanaishi na kuzaa, lakini mabaka ya Peyer, yaani mafungu ya seli za kinga kwenye utumbo mdogo, ni madogo na yamelala. Kingamwili za IgA utumboni ni chache mno. Thaimasi, kiungo kingine cha kinga, haiathiriki sana. Wakipewa bakteria wa kawaida wa tumboni, ndani ya wiki chache mabaka yananenepa na IgA inatoka, ingawa yapo mambo ambayo utoto ukishapita hayarudi sawasawa.

Kijana_Tengeru
Shikamoo mzee. Kwa hiyo asisafishe banda?

FundiMaabara_Moshi
Marahaba. Asafishe sana, lakini kabla vifaranga hawajaingia. Kifaranga wa mashine hajawahi kukutana na mama yake, tumbo lake bado halina wenyeji. Mwaka 1973 Nurmi na Rantala wa Finland waliwapa vifaranga wapya bakteria kutoka tumboni mwa kuku wakubwa, bakteria wabaya wa Salmonella wakakosa pa kukaa. (Usichote kinyesi cha kuku wa jirani, Mama, utaleta na magonjwa yake.) Halafu hilo pulizo la kila siku linalowesha maranda, na maranda yenye unyevu ndiyo yanayokomaza koksidia, vimelea wa kuhara damu.

Kinachonitia hofu ni klorini. Chanjo ya Gumboro, ule ugonjwa wa virusi wa kuku, uliwapa kwa maji gani?

MamaVifaranga_Ngaramtoni
Hayohayo ya klorini, siku ya 14. Leo wana siku 16.

FundiMaabara_Moshi
Pole Mama. Ile chanjo ni virusi hai, klorini inawaua ndani ya ndoo. Na Gumboro yenyewe inashambulia bursa hiyohiyo niliyokueleza. Mpigie afisa mifugo wako leo akuambie kuhusu kurudia. Akikubali, kesho tafuta maji yasiyo na dawa, wanyime maji kwa muda wa saa mbili, kisha uwape chanjo waimalize upesi.

MamaVifaranga_Ngaramtoni
Nampigia sasa hivi. Maji ya mvua ninayo kwenye simtanki.