Mjadala: Je, kijana wa Kyela aruhusiwe kuvuka bahari peke yake kwa makasia?

Suala lililo mbele yetu ni hili. Kijana wa miaka 20, mzaliwa wa Kyela na mwanafunzi wa chuo kimoja hapa Mbeya, ametangaza kwamba anataka kuvuka Bahari ya Hindi peke yake kwa mashua ya makasia, na ameomba wazazi, kanisa lake na halmashauri wamuunge mkono. Wazee wa ukoo wamekataa. Mwalimu wake wa zamani anasema kwamba kumruhusu ni kumsindikiza kaburini, na mchangiaji mmoja kutoka Iringa anauliza kwa nini mtu wa nyanda za juu, tunakolima viazi, chai na parachichi, ajiingize katika mambo ya watu wa pwani. Vijana wenzake nao wanadai kwamba mtu mzima hahitaji ruhusa ya mtu yeyote. Mimi niko upande wa kumruhusu, lakini kwa masharti mazito ambayo wenzangu wa upande huu hawajataka kuyagusa.

Hoja hiyo ya alikozaliwa haitatuchukua muda. Katie Spotz, aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 2010 akiwa na miaka 22, alitoka Ohio, jimbo la Marekani lisilopakana na bahari yoyote, kando ya Ziwa Erie. Alipiga makasia kutoka Dakar hadi Georgetown, Guyana, kwa siku 70, akichangisha fedha za maji safi. Ziwa letu la Nyasa lina urefu unaozidi kilomita 500 na kina cha takriban mita 700, na upepo wa mwera unapovuma kati ya Mei na Agosti huinua mawimbi yanayowazuia hata wavuvi wazoefu kutoka. Anayedhani kwamba watoto wa Kyela hawayajui maji makubwa aende Matema siku ya Jumamosi, awatazame Wakisi wakileta vyungu kutoka Ikombe: mtumbwi umejazwa vyungu hadi ukingo wake umebaki kiganja kimoja juu ya maji, na mpiga kafi aliye nyuma analipokea kila wimbi kwa kugeuza kidogo tu kafi lake, bila chungu hata kimoja kugongana na kingine.

Kuhusu umri, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kijana huyu ameshavuka mpaka huo. Uholanzi ilipata kesi ngumu zaidi mwaka 2009, pale Laura Dekker alipotaka kuizunguka dunia peke yake kwa mashua ya tanga akiwa na miaka 13, na mahakama ikaingilia kati ikamweka chini ya uangalizi. Mwaka uliofuata aliruhusiwa, na Januari 2012 alimaliza safari yake akiwa na miaka 16. Naona mahakama ile ilitenda haki mara zote mbili, maana ilimzuia alipokuwa hajawa tayari na ikamwachia matayarisho yalipokamilika. Kwa upande wa makasia, Lukas Haitzmann alivuka Atlantiki peke yake akiwa na miaka 18, na Jasmine Harrison alifanya hivyo mwaka 2021 akiwa na miaka 21. Peter Bird, kwa upande mwingine, alikuwa mtu mzima mwenye uzoefu usio na shaka. Mwaka 1983 alikuwa ameivuka Pasifiki peke yake kwa siku 294. Mwaka 1996 alipotea katika bahari hiyohiyo. Mashua yake ilipatikana, yeye hakupatikana.

Hapo ndipo ninapowaelewa wazee, na ningewaomba vijana wasiwadharau. Kwetu, mtu akifa ukoo hukusanyika, watu hulala matangani, na mwili huzikwa mahali ambapo wajukuu wataonyeshwa. Mzazi anayeambiwa kwamba mashua imepatikana tupu hana pa kuanzia msiba wala pa kuumalizia. Huo ni uzito wa kweli, na kijana anayeomba baraka za wazazi wake anapaswa kuketi nao na kulizungumza jambo hilo waziwazi kabla ya kuzungumzia wafadhili na kamera.

Sasa niingie katika kazi yenyewe, kwa sababu wengi wanaichukulia kama kwenda kuvua usiku, ila kwa muda mrefu zaidi. Aliyekulia kwenye mtumbwi hukaa akitazama mbele na kuvuta maji kwa kafi moja. Kwenye mashua ya bahari unakaa ukiipa mgongo safari yako, makasia mawili yamefungwa kwenye mihimili yake, kiti kinateleza kwenye reli, na nguvu kubwa inatoka miguuni. Mashua ya mtu mmoja ina urefu wa mita sita au saba, pamoja na chumba cha kulala chenye nafasi ya mtu kujilaza tu. Maji ya kunywa hutengenezwa na mashine inayochuja chumvi kwa nguvu ya jua, na mashine hiyo ikiharibika unasukuma pampu ya mkono kwa saa nyingi ili upate lita chache. Chumvi hukausha ngozi, makalio hutoka vidonda, viganja hupasuka, na mwili hupungua kwa sababu haiwezekani kula chakula kinacholingana na kazi hiyo. Mashua hizi zimeundwa ili zikipinduka zijiinue zenyewe, lakini hujiinua tu iwapo milango imefungwa na hewa imebaki ndani. Ya Jasmine Harrison ilipinduka mara mbili. Vilevile, alinusurika kugongana na meli ya kuchimba mafuta.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalonitisha kuliko dhoruba. Wawili wanapovuka, mmoja hulala na mwingine hukesha. Aliye peke yake akilala, hakuna anayetazama. Kuna vifaa vya kutambua meli zinazokaribia na kupiga kengele, lakini vinategemea umeme, na umeme unategemea jua. Kwa hiyo ninapomsikia kijana wetu akisema kwamba yeye ana mikono yenye nguvu, namjibu kwa upendo kwamba hajagusa swali. Anajua kutengeneza mfumo wa umeme gizani, mashua ikiyumba, akiwa hajalala? Anajua kufunga jeraha lake mwenyewe kwa mkono mmoja?

Tena, bahari ina njia zake. Hawezi kuondoka Dar es Salaam akaelekea mashariki apendavyo, kwa sababu mashua ya makasia haiushindi upepo wa mbele kwa siku nyingi mfululizo. Wanaoivuka Bahari ya Hindi kwa kawaida huanzia magharibi mwa Australia, wakasukumwa na pepo za kusini-mashariki. Hivyo ndivyo Sarah Outen alivyofanya mwaka 2009 alipotoka Fremantle hadi Mauritius kwa siku 124, akafika akiwa na miaka 24. Jaribio lake la kwanza mwaka huohuo lilimlazimu kurudi bandarini, na ningependa kijana wetu alisome tukio hilo kwa makini kuliko anavyosoma habari za ushindi. Aliyeweza kugeuza mashua na kurudi mbele ya watu waliokwisha kumuaga ana akili ninayoitafuta kwa yeyote anayetaka baraka zangu.

Wanaodai kwamba mtu mzima hahitaji ruhusa husahau mwokoaji. Mkataba wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji baharini wa mwaka 1979 unazitaka nchi zimsaidie yeyote aliye hatarini, bila kuuliza alifuata nini huko. Mwaka 2010 Abby Sunderland, msichana wa miaka 16 aliyekuwa akisafiri kwa tanga, alivunjikiwa mlingoti katikati ya Bahari ya Hindi. Australia ilituma ndege kubwa ya abiria kumtafuta, na meli ya uvuvi ya Kifaransa ikaacha kazi yake kwenda kumchukua. Wakati wa uokoaji nahodha wa meli hiyo mwenyewe alitumbukia majini, ikabidi naye aopolewe. Mwaka 2025 mpiga makasia wa Lithuania, Aurimas Mockus, mwenye miaka 44, alinaswa na kimbunga Alfred mashariki mwa Australia hadi meli ya kivita HMAS Choules ikamwokoa. Sisemi waachwe wafe. Nasema kwamba uhuru wa mmoja ukitegemea maisha ya mabaharia wengine, wao pia wana haki ya kuuliza alijiandaa vipi.

Masharti yangu yanatoka hapo. Halmashauri isitoe fedha za umma kwa safari hii. Mashua yenye vifaa kamili hugharimu makumi ya maelfu ya pauni, ilhali ninaowaona wakitoka usiku kuvua pale Matema, wengi wao hawana hata jaketi okozi. Akitafuta wafadhili binafsi sina neno, mradi wagharimie bima na mafunzo ya uokoaji kabla ya rangi ya mashua. Na kabla hajapanda ndege kwenda Australia, apige makasia peke yake katika ziwa letu, kutoka Itungi hadi Mbamba Bay, akifuata mwambao ambao meli ya MV Mbeya II huupitia, akilala ndani ya mashua na kujitegemea kwa chakula na maji. Milima ya Livingstone pale inateremka hadi majini, na sehemu za kutia nanga ni chache; mwambao huo utamfundisha na kutuonyesha alivyo. Chombo cha kumfuata kiwepo kwa mbali, na mabaharia wazoefu wa ziwa ndio watoe hukumu, wala si mimi wala mwalimu wake.

Naomba upande unaopinga ujibu swali moja: akiikamilisha safari hiyo, wakati wa mwera, na mabaharia hao wakasema ameiva, bado mtamkatalia, na kwa sababu gani? Nao wanaomuunga mkono waseme kama watakubali kumzuia iwapo mabaharia hao watasema bado.