Mjomba aliona taa za ajabu baharini ila saa hazikubaliani. Nimuulizeje bila kumvunjia heshima?

Mpwa wa Nahodha

Wakuu salaam. Niko Tanga, Sahare. Naomba ushauri wa watu wazima, na wa utani nao karibuni, najua mtakuja tu.

Mjomba wangu ni nahodha wa mashua ya dagaa, yuko baharini tangu mimi sijazaliwa. Mwaka jana, kaskazi inakaribia kuisha, yeye na mabaharia wake wawili waliona kitu karibu na kisiwa cha Ulenge. Taa nyingi kama shanga zilizotungwa kwenye uzi, zinapanda kutoka kusini magharibi, hazina mlio wala hazimemeti. Zilipovuka utosini zikaanza kumezwa moja moja, ya mbele kwanza, hadi ya mwisho. Wingu hakuna. Na baada ya hapo, anasema, "tukashtukia adhana ya alfajiri." Usiku mzima umepita kama muda wa kumaliza kikombe cha kahawa.

Hadithi hii kaisimulia barazani mara nyingi hata watoto wameikariri. Sasa kuna kijana hapa mtaani anapiga video za mtandaoni, anataka kumrekodi aitoe kama kisa cha UFO, yaani chombo cha angani kisichojulikana. Mimi nikapewa kazi ya kuandika mtiririko, na hapo ndipo nilipokwama. Mjomba anasema waliondoka ufukweni baada ya isha. Halafu anasema taa waliziona saa moja na nusu. Isha ya hapa kipindi kile huadhiniwa kama saa mbili kasoro robo! Mtu ataondokaje baada ya isha afike Ulenge kabla ya isha? Kijana wa video naye kaandika "1:30 usiku" kwenye karatasi, na kwenye tafsiri ya Kiingereza imegeuka kuwa saa saba na nusu, usiku wa manane. Baharia mmoja anaapa ilikuwa usiku wa Ijumaa. Ijumaa ile usiku mjomba alikuwa harusini nasi, picha ninayo, kashika sahani ya pilau.

Nikimuuliza "mjomba, saa ngapi hasa?" anavimba. "Kwani we wanita mwongo?" Huyu ndiye aliyenilea. Nifanyeje? Naomba kuwasilisha.

Kahawa Chungu

Chai. Ongeza tangawizi.

Mwana Chumbageni

Tanga waja leo waondoka leo, kumbe hata wageni wa angani wanaijua desturi 😂

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Mwanangu, achana na hao. Usiku wa Ijumaa kwa sisi watu wa pwani ni Alhamisi jua likishazama. Siku yetu huanza magharibi, si katikati ya usiku. Ijumaa usiku ni kitu kingine kabisa, huo ni usiku wa Jumamosi. Baharia wako kasema sawa, wewe ndiye uliyefuata kalenda ya ukutani.

Na usimuulize mjomba wako mbele ya watu. Hapo barazani yeye ni nahodha, hawezi kurudi nyuma. Mpelekee kahawa na kashata, kaa naye peke yenu, msubiri aanze mwenyewe.

Mpwa wa Nahodha

Bi Mkubwa, shikamoo na ahsante. Nimeangalia tena. Alhamisi ile mwezi ulikuwa haujaandama, giza totoro, na giza ndiyo siku za dagaa wa taa. Harusi ilikuwa kesho yake. Kwa hiyo siku imekaa sawa. Bado saa.

Karani Mstaafu

Nimeandika maelezo ya mashahidi miaka mingi, nikwambie kitu kimoja. Usimuulize saa. Mtu ambaye hakuangalia saa ukimuuliza saa atakupa saa, kwa adabu tu, asikuache mikono mitupu. Akishaitaja mara tatu inakuwa yake, ataitetea kama shamba la urithi.

Muulize vitu vyenye uzito. Mlikuwa mmekula? Nani alishika usukani? Taa za kuvulia zilikuwa zimewashwa? Mlishavuta wavu hata mara moja? Na mabaharia waulize mmoja mmoja, kila mtu kwake, kabla hawajakutana kahawani. Wakikaa pamoja utapata kisa kimoja kilichopigwa pasi.

Msimdhanie mjomba wa watu vibaya kwa sababu hana elimu ya saa. Mwezi Desemba 1980, Uingereza, wanajeshi wa Marekani waliona taa kwenye msitu wa Rendlesham. Naibu kamanda wa kambi, Luteni Kanali Charles Halt, alikaa akaandika ripoti tarehe 13 Januari 1981, na tukio la kwanza akaliweka tarehe 27 Desemba. Polisi wa pale walikuwa wameitwa alfajiri ya tarehe 26. Huyo ni afisa, ana kalamu na kinasa sauti, na siku nzima imemteleza kwa muda usiofika wiki tatu. Na si kosa dogo, maana ukirudisha tarehe mahali pake unakuta kimondo kikubwa kilionekana kusini mwa Uingereza karibu saa tisa usiku ule ule. Ukitumia tarehe ya kwenye ripoti, hicho kimondo hukioni.

Ticha wa Fizikia

Karani kasema. Hapa saa ndiyo kesi yenyewe, na nitaeleza kwa nini.

Shanga kwenye uzi, hazimemeti, hazina mlio: mtu yeyote anayetazama anga siku hizi atafikiria satelaiti za intaneti za Starlink. Kampuni ya SpaceX ilirusha kundi la kwanza la 60 Mei 2019, na siku chache baada ya kila urushaji huwa zinakwenda kwa mstari kabla hazijatawanyika na kupanda juu zaidi. Lakini satelaiti haina taa. Tunaiona kwa sababu jua, likiwa limeshazama kwetu huku chini, kule juu bado linaipiga. Ikiingia kwenye kivuli cha dunia inazimika. Ya mbele inaingia kwanza, halafu ya nyuma yake. Soma tena maneno ya mjomba: "zikamezwa moja moja, ya mbele kwanza." Hakuna mtu aliyemfundisha aseme hivyo. Kwangu huyo ni shahidi mzuri sana.

Ila kwetu huku karibu na ikweta jua linazama wima na giza linapanda haraka. Saa moja na nusu usiku, jua lina kama saa nzima tangu lizame, zinaonekana vizuri na kivuli kiko upande wa mashariki, zikishapita utosini. Saa saba na nusu usiku haiwezekani, kote juu ni kivuli. Kwa hiyo kama ni 1:30 ya Kiswahili, nina jibu. Kama ni 1:30 ya Kizungu, sina, na mjomba wako ana kitu cha kuhifadhi. Mwambie huyo kijana wa video kosa lake la tafsiri limeongeza masaa sita na sayari moja.

Msafiri wa Nyota

Nyie kila kitu satelaiti. Na usiku uliopotea? Mbona hamuugusi? Betty na Barney Hill, mke na mume, Marekani, Septemba 1961, walisema waliona chombo cha angani wakiwa barabarani New Hampshire, wakafika kwao Portsmouth karibu saa kumi na moja alfajiri, masaa mawili hayajulikani yalikokwenda. Mjomba kapoteza usiku mzima. Linganisheni.

Karani Mstaafu

Nimelinganisha. Wale mume na mke hawakugundua wenyewe kwamba muda umepotea. Waliulizwa na wachunguzi miezi miwili baadaye, "mbona mlichelewa hivyo?" Na njiani walisimama mara kadhaa, wakaendesha polepole huku wanatazama juu. Swali la kwanza kwa muda uliopotea ni ulikuwa unafanya nini, kisha ndiyo ulichukuliwa na nani.

Pweza wa Pangani

Nimesoma kimya, sasa niseme, maana mnapiga hesabu ya bahari mkiwa mmekalia viti.

Mwezi haujaandama maana yake bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Bamvua pwani yetu maji hujaa saa kumi na hupwa saa nne, jioni na alfajiri hivyo hivyo, kila siku yanasogea mbele kidogo. Nahodha akiondoka baada ya magharibi anaondoka na maji yanayokimbia. Kuna mafungu ya mchanga kule, akichelewa kidogo au akitazama juu kwa muda wa taa kupita, mashua inakaa mchanga. Ikishakaa mnamo saa mbili usiku, maji ya kuinyanyua hayarudi kabla ya saa sita usiku. Na watu wenyewe wamechoka, hakuna wavu wa kuvuta, wanalala hadi maji yamejaa tele. Kisha adhana.

Mimi nasema alipwelea, maji yalimkaukia juu ya fungu. Usimuulize kama alipwelea, atakufukuza. Muulize isha waliswalia wapi.

Kahawa Chungu

Pweza umeua. Nairudisha chai jikoni.

Mpwa wa Nahodha

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Jana baada ya alasiri nilimpelekea kahawa kama Bi Mkubwa alivyonielekeza. Tulikaa nyuma ya nyumba, yeye anashona wavu, mimi namshikia upande wa pili. Nikazungumza habari za harusi, za bei ya dagaa, nikafika kwenye safari ile. Nikasema, "Mjomba, siku zile za taa, isha mliswalia wapi, maana mashua yenyewe ndogo?" Akajibu hata hakuinua kichwa: "Mchangani."

Kisha sindano ikasimama.

Nikakaa kimya. Yeye akanitazama, akatazama mlango wa nyumba kama shangazi yuko karibu, akaanza kucheka cha chini chini. Ikatoka yote. Waliondoka baada ya magharibi. Taa walizikuta bado hawajawasha za kwao, usukani kashika yeye, na wote watatu walikuwa wameinua vichwa juu. Aliposhusha macho, mashua imeshapanda fungu. Fungu analolijua tangu yuko mtoto, analipita macho yamefungwa. Wakaswali isha pale pale, maji yanawakimbia, wakalala. Mabaharia akawaapisha wasiseme. Isha ikabaki kwenye hadithi ila mchanga ukatolewa, ndiyo maana saa zilikuwa haziingiani.

Taa, anasema, aliziona vile vile alivyosimulia, hapunguzi hata moja. Nilipomweleza habari ya kivuli cha dunia alisikiliza vizuri sana, akauliza, "Kwa hiyo zilikuwa zinaendelea kwenda, ila hazionekani?" Nikamwambia ndiyo. Akasema hilo ni zuri kuliko kumezwa.

Tatizo jipya: video ni Jumapili. Kakubali saa moja na nusu isemwe, kakubali hata satelaiti. Ila mchanga hataki. Anasema nahodha mwenzake mmoja akilisikia hilo, baraza lote litahamia kwake. Na bila mchanga, kijana wa video atauweka tena ule usiku uliopotea, maana ndio anaoutaka.

Msafiri wa Nyota

Mimi bado sijaridhika, ila heshima kwa mzee.

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Basi video iishie taa zilipozimika. Alfajiri haimhusu mtu. Na huyo kijana akiiongeza, mjomba wako ana mdomo, atamkatalia.

Pweza wa Pangani

Mwambie nahodha salaam zangu. Mwambie hilo fungu hata mimi nimelilalia, mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na abiria.