Naomba ushauri: uimbaji wa solo na kikundi kidogo, nifanyeje?

Wakuu, naombeni ushauri. Naimba teno (sauti ya juu ya kiume), muziki wa klasiki. Kwa miaka sita nimekuwa kwenye kikundi kidogo cha madrigali (nyimbo za kale za sauti kadhaa pamoja), kila sauti mtu mmoja. Huko unaimba laini, bila kutetemesha sauti, masikio yote kwa wenzako. Sasa nimepewa nafasi ya Mwinjilisti, yaani msimulizi, katika Mateso ya Mathayo ya mtunzi Bach, kazi ya mwaka 1727 ya kwaya na okestra kuhusu mateso ya Yesu. Simulizi yote iko mabegani mwangu, na noti zinapanda juu sana kwa teno, hadi A na hata B. Nafasi hii nimeiota tangu nianze kuimba! Shida ni kwamba nikifanya mazoezi ya solo jioni, kesho yake sauti haichanganyiki na wenzangu. Mliopitia haya, mlipangaje siku zenu? Na mwalimu wa sauti awe mmoja au wawili?