Mjadala: Bodi umeichora wewe, anauza mwingine. Tukataze biashara?

Mtoa mada:
Wakuu, salaam. Nina jambo linaniuma. Mwaka jana nilichora bodi ndogo ya elektroniki ya kuzima pampu tangi likijaa, nikaweka faili zote hadharani: sakiti, faili za kiwandani, hadi orodha ya vipuri. Leseni ni Creative Commons, zile za kuruhusu watu watumie kazi yako bure kwa masharti, na yangu ina sharti la kutofanya biashara. Juzi nimeikuta dukani Kariakoo inauzwa. Najua ni yangu kwa sababu pale pa kuunganisha boya niliandika kimakosa "BOA", na ile ya dukani nayo imeandikwa "BOA". Jina langu wamelifuta, kosa wameliacha.

Msimamo wangu: sote tunaochora kwa mapenzi tu tukataze biashara. Anayetaka kuuza aje tuongee. Nipingeni kwa hoja.

Mchangiaji wa kwanza:
Pole sana mkuu. Kufutiwa jina ni dhuluma. Ila kukataza biashara nakupinga. Hakimiliki inalinda mchoro wako kama mchoro; namna sakiti inavyofanya kazi hailindwi nayo. Hiyo ni kazi ya hataza (patent), yaani haki ya uvumbuzi, nayo huombwa kwa gharama. Mtu akiielewa bodi yako akachora ya kwake upya, sharti lako halimgusi.

Halafu jiulize unamzuia nani. Mwenye kiwanda hasomi leseni. Anayesoma ni fundi wa Mbagala anayetaka kutengeneza kumi awauzie majirani wenye matangi, naye ndiye utakayemfungia mlango.

Tazama Arduino, zile bodi za kujifunzia elektroniki, zilizoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005. Michoro iko wazi, kuuza nakala ruksa. Ndiyo maana kuna nakala za bei nafuu za Uno, mojawapo ya bodi zao, zenye chipu ya USB ya CH340 badala ya ATmega16U2 ya asili, na wengi wetu tumejifunzia hizo. Walichoshikilia ni jina, kwa kulisajili kuwa alama ya biashara.

Mchangiaji wa pili:
Mimi namwelewa mtoa mada. Kumbukeni MakerBot, kampuni ya printa za 3D iliyoanza New York, 2009. Ilisimama juu ya RepRap, mradi wa printa za 3D ulioanzishwa na Adrian Bowyer, Chuo Kikuu cha Bath. Watu walitoa maboresho yao bure. Mwaka 2012 ikatoka printa yao ya Replicator 2, michoro ikafungwa. Mwaka uliofuata kampuni ikauzwa kwa Stratasys, kampuni nyingine ya printa za 3D. Zach Smith, mmoja wa waanzilishi, alilalamika hadharani. Waliochangia je?

Hata hivyo dawa naiona kwenye CERN-OHL-S, leseni ya michoro ya vifaa iliyotungwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, toleo la 2 la mwaka 2020. Uza utakavyo, lakini ukibadilisha mchoro na kugawa bidhaa, nawe toa michoro yako, na taarifa za mwenye kazi usizifute.

Mtoa mada:
Nimewasikia. La fundi wa Mbagala limenigusa, sikuwa nimelifikiria. Ila tusidanganyane: hiyo CERN-OHL-S nayo kwa sehemu kubwa imeegemea hakimiliki ileile, na kesi mtu wa kawaida ataiendesha kwa pesa gani?

Hata hivyo toleo jipya la bodi nitaliweka chini ya leseni hiyo. Jina langu safari hii nalichora kwenye shaba yenyewe, kati ya njia za umeme, siyo kwa rangi ya juu. "BOA" siigusi. Ndiyo shahidi niliye naye.